Kinanda Changu na Tarumbeta ya Mkwe

Jumamosi, 7 Machi

Panya tena. Wametafuna kitambaa cha kanyagio la kushoto. Nimeziba kwa kipande cha ngozi nilichoomba kwa fundi viatu, gundi, kisha tofali juu yake mpaka kikashika. Kinanda kimepumua. Hiki kinanda cha kukanyaga kimenizidi umri na bado kinaimba kuliko wengi wetu.

Saa nne mkwe kafika kutoka Handeni, tarumbeta ndani ya mfuko wa sembe. Mzee Mhina, baba yake Yohana, Yohana aliyemuoa Neema wangu. Anapuliza kwenye kundi la matarumbeta la usharika wao tangu ujana. Shikamoo mkwe, marahaba mkwe, habari za huko, nzuri, mvua bado, mahindi yanangoja. Chai kwanza. Kisha kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Pasaka mjukuu wetu wa kwanza anabatizwa hapa Korogwe. Neema katamani bibi apige kinanda na babu apulize tarumbeta, wawili tu, mtoto akishamwagiwa maji. Kipande nimeandika mwenyewe. Cha polepole, cha kuomba. Sijawahi kuandika kitu nikakipenda hivi.

Tumepiga. Vibaya. Vibaya mno. Tarumbeta kule, kinanda huku, toka mwanzo hadi mwisho. Mpaka meno yakaniuma.

Tulipomaliza, Mama Shemdoe, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa anapanga maua na wenzake wawili. Wakapiga makofi. Mmependeza, wakasema, Mungu awabariki. Nimewaangalia usoni mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa anatania.

Jumapili, 8 Machi

Ibada imekwenda vizuri. Kwaya na kinanda sawasawa, sijasikia tatizo lolote. Basi jana ilikuwa nini?

Mchana nimekagua karatasi ya mkwe noti kwa noti. Tarumbeta yake ina tabia: ukiiandikia do, yenyewe inatoa sauti moja chini yake. Kwa hiyo anayeiandikia anazipandisha noti zake juu kidogo kuliko za kinanda, ili zikitoka zikutane. Nilifundishwa hivyo kwenye kozi ya muziki kule Lushoto na sijasahau. Nimezipandisha zote. Hakuna kosa.

Nikachukua kile chuma cha kupatia sauti, nikakigonga kwenye goti, nikakiweka sikioni huku nakanyaga kinanda. Vimekutana. Kinanda kizima.

Karatasi nzima, kinanda kizima, mkwe anapuliza tangu ujana, na watu wanasema tumependeza. Kilichobaki ni mimi.

Jumanne, 10 Machi

Sitaki kuandika hili lakini nitaandika.

Mama alianza hivihivi. Tulikuwa tunakaa Mazinde, yeye anaongoza sauti ya pili kwenye kwaya, na hakuna aliyethubutu kukosea karibu naye. Siku moja kaanza kusema kinanda kimeharibika. Kaitwa fundi, kinanda kizima. Akasema tena. Sauti za watu alikuwa anazisikia vizuri tu, ni vyombo ndivyo vilivyompotea kwanza. Watu baadaye. Mwishowe alikuwa anakaa benchi la nyuma, anatazama midomo ya wenzake na kutikisa kichwa. Hakuimba tena. Alikuwa na umri wangu huu.

Naogopa. Basi, nimeshaandika. Naogopa sana.

Jumamosi, 14 Machi

Zoezi la pili. Nimesali kabla. Haikusaidia.

Mkwe kavaa koti, katoa jasho kama mtu anayelima. Kasoma karatasi bila kubandua macho. Kila noti safi, nzuri, imenyooka, na kila noti imekaa mahali pasipo pake. Akipuliza peke yake ni raha. Nikigusa kinanda tu, balaa. Katikati nikajaribu kupiga polepole zaidi, labda masikio yangu yapate nafasi. Ikawa balaa la polepole.

Tulipomaliza kafuta mdomo wa tarumbeta kwa leso, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kasema, "Tumshukuru Mungu, mkwe." Nami nikasema tumshukuru. Hakuniangalia, nami sikumwangalia.

Kumuuliza siwezi. Ni mkwe. Mtu kaja kutoka Handeni kwa nauli yake, mzee, baba wa mume wa mtoto wangu, halafu mimi nimkalie mbele nimwambie mbona sauti zako hazikai? Nitauweka wapi uso wangu?

Nimemwuliza mlinzi wa kanisa, yule hajui kupamba maneno. Kasema ni mziki wa kisomi, mwalimu, sisi wengine tunauheshimu tu. Mama Shemdoe kasema nyimbo hizo zinamfanya atake kulia. Hata mimi, mama. Hata mimi.

Jumanne, 17 Machi

Najipima kila saa, ninakera hata nafsi yangu. Darasani nimewapa watoto wa darasa la pili kazi ya kuandika, nikageukia ubao nione kama nitawasikia wakinong'ona. Nimewasikia wote. Nimesikia hadi mmoja akimwambia mwenzake leo mwalimu anaumwa.

Jioni nimemfokea Baba Neema aseme kwa sauti, siyo kuongea ndani ya sharubu. Kaniangalia. Kasema, "Mama Neema, tangu tuoane hujawahi kunisikia. Umegundua leo?" Kwa kawaida ningecheka. Nimekwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Sijamwambia. Nikimwambia itakuwa kweli.

Jumapili, 22 Machi

Jana mkwe hakuja. Katuma ujumbe kwa Yohana kwamba ana kashughuli kadogo, tusamehe, Jumamosi ijayo pia hataweza, tutaonana Jumamosi ya Pasaka yenyewe. Nimefurahi. Kisha nikajichukia kwa kufurahi.

Mama Zuhura wa jirani kaleta sahani ya pilau iliyobaki ya Idi na kaniuliza mbona nimekonda. Nikasema ni Kwaresima. Kasema Kwaresima haijawahi kunikondesha. Hana dogo, huyo mama.

Nimeamua. Masikio yakiwa yamekwenda, nikishapiga Pasaka namkabidhi Amani funguo za kinanda. Amani ni kijana mzuri, anapiga kile cha umeme chenye ngoma ndani yake, ukibonyeza inajipigia yenyewe tindi tindi tindi. Atakiweka hiki changu stoo. Panya watakimaliza kabla ya Krismasi. Sitakaa benchi la nyuma kutikisa kichwa, nitahamia ibada ya kwanza isiyo na muziki.

Nimelia jikoni. Vitunguu havikuwepo.

Jumatano, 25 Machi

Tanga. Nimemwambia Baba Neema nakwenda kutafuta nguo ya ubatizo ya mtoto, nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda basi la alfajiri. Hospitali nikaelekezwa kwa dada mmoja mpole anayepima masikio. Kaniingiza kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, kanivalisha vitu masikioni. Kasema nikisikia mlio, hata mdogo vipi, ninyooshe mkono.

Milio ikaanza. Mikubwa, midogo, mingine kama mbu aliye nyumba ya pili. Nikanyoosha mkono, nikanyoosha, mpaka bega likachoka.  Nilifikiri mingine nimeiwaza tu.

Akatoka na karatasi yake yenye mistari. Kaitazama, kanitazama. Nikamwambia aseme tu, mimi mtu mzima, mama yangu naye alikuwa kiziwi.

"Mama, hujafika huko," kasema. "Unasikia kuliko mimi. Mtu gani kakudanganya una tatizo?"

Nikamwambia rudia. Karudia kwa sauti ya juu, akidhani sijasikia. Hapo nikacheka mpaka machozi, na yeye kacheka bila kujua kwa nini.

Nje nimekaa kwenye ngazi. Pikipiki zinapita, mama anauza mihogo, redio ya mtu mahali fulani, honi, kengele ya baiskeli, mtoto anaomba barafu. Nimesikiliza kila kimoja. Hakuna aliyewahi kufurahia kelele za Tanga hivi. Nguo ya mtoto nimenunua kweli, nyeupe, yenye kola ya kufumwa. Uongo wangu umetakata.

Alhamisi, 26 Machi

Nimemwambia Baba Neema yote. Nilitegemea atanicheka. Hakunicheka. Kanishika mkono, kasema ningemwambia tungekwenda wote. Nimelala kama gogo. Asubuhi nimekunywa chai na mihogo miwili na bado nilikuwa na njaa.

Halafu, nikiwa naandika herufi ubaoni, ndiyo ikanijia. Kama si mimi, basi ni mkwe.

Yesu wangu.

Jumapili, 29 Machi

Matawi. Watoto wamezunguka kanisa na makuti, mmoja kamchoma mwenzake jicho, hakuna jipya. Nimepiga kinanda kwa raha ambayo sikuwa nayo tangu mwezi uanze. Nimeongeza hadi mapambo kwenye wimbo wa mwisho. Mchungaji kaniuliza leo una nini, mwalimu. Nikamwambia nina masikio.

Lakini mkwe. Nimemsihi Baba Neema azungumze naye, wanaume kwa wanaume. Kaweka gazeti chini. Kasema yupo tayari kunijengea kanisa kwa mikono yake, lakini kumwambia Mzee Mhina kuwa hajui tarumbeta, hapana, hilo nitafute mwingine. Katika ukoo wao mkwe haambiwi hata kwamba shati limefunguka kifungo.

Neema kapiga simu. Baba mkwe wake kanunua suti. Tayari kaianika nje ipigwe upepo.

Nitafanya hivi. Nitapiga kwa sauti kubwa, nikanyage kwa nguvu zote, nimfunike. Watu watadhani ni furaha ya Pasaka. Ni mpango mbaya lakini ndio nilio nao.

Jumamosi, 4 Aprili

Niandike taratibu. Mikono bado inacheka.

Mkwe kafika mapema kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nyumbani nakanda unga wa maandazi ya kesho, nikaja kanisani mbio, unga hadi viwikoni. Nikiwa bado mlangoni nikamsikia. Kafungua kitabu changu cha nyimbo nilichokiacha juu ya kinanda, kitabu cha kinanda, siyo karatasi yake, na alikuwa anapuliza wimbo wa Pasaka kutoka kwenye mstari wa juu. Kujipasha midomo tu.

Nikakaa kwenye kinanda bila kusema, nikamwingilia ubeti wa pili.

Tukakutana. Noti ya kwanza, noti ya pili, zote. Kanisa lote likajaa. Kinanda chini, tarumbeta juu yake, kitu kimoja. Sijui niseme nini. Nimekipiga kinanda hiki tangu nikiwa msichana na sijawahi kukisikia hivyo.

Tukamaliza ubeti. Kisha nikafikiri. Haiwezekani. Tarumbeta yake ikisoma kitabu cha kinanda, ilitakiwa itoe kila kitu sauti moja chini. Haikutoa.

Nikasahau ukwe. Nikamwuliza, "Mkwe, hapa umesomaje?"

Akashangaa swali. Kasema kasoma ilivyo. Kule kwao kundi zima la matarumbeta linasomea kitabu kilekile cha kinanda, mwalimu wao wa kwanza aliwafundisha hivyo, na aliyemfundisha yeye naye hivyo. Palipoandikwa fa, vidole vinakwenda mahali panapotoa fa. Hawajui habari ya kupandisha. Hakuna aliyewahi kuwaandikia karatasi yao wenyewe.

Mimi nikawa nimempandishia sauti moja, kwa usomi wangu. Yeye kaipiga ilivyopandishwa, kwa uaminifu wake. Kila mmoja sahihi, na kwa pamoja tunapiga takataka.

Nikamweleza. Akakaa kwenye benchi la mbele, tarumbeta magotini.  Nikadhani nimemuumiza. Kisha kavuta mdomo wa juu kunionyesha meno yake ya mbele.

"Haya ni ya kununua, mkwe," kasema. "Nimewekewa baada ya Krismasi. Nilijua ndiyo yananipandisha sauti. Nimerudi kwa fundi mara mbili, kayakwangua mpaka fizi zikatoka damu. Jumapili iliyopita nilikwisha mwambia Mama Yohana nyumbani, nikitoka Korogwe tarumbeta naining'iniza ukutani, basi."

Ndiyo kashughuli kenyewe. Ndiyo sababu hakuja. Mzee wa watu alikuwa kwenye kiti cha fundi wa meno, na mimi nimefurahi.

Nikamwuliza mbona hakusema siku ile ya kwanza. Akasema angesemaje? Mama wa mke wa mtoto wake, mwalimu, kaandika mziki kwa mkono wake mwenyewe. Na watu wanapiga makofi. Akajua ni yeye tu anayesikia ubaya.

Nikamwambia na mimi nimekwenda Tanga kupimwa masikio.

Tukaangaliana. Aliyeanza kucheka ni yeye. Alicheka akishika meno yasianguke, na hilo ndilo lililonimaliza. Nimecheka mpaka nikashika kinanda kisinitoroke.

Mama Shemdoe kaingia na maua yake. Nikamkabili palepale. Mama, siku zile tulikuwa tunapiga vizuri au vibaya? Akasema vizuri. Nikamwambia leo ni Jumamosi ya Pasaka, Bwana yumo kaburini, usiseme uongo ndani ya nyumba yake. Akaweka maua chini. Kasema ilikuwa vibaya mpaka wenzake waliomba kupangiwa zamu ya kufagia nje. Lakini mzee wa watu katoka Handeni, mgeni, mkwe wa mwalimu, wamwambie nini? Walikubaliana wapige makofi kwa nguvu ili atiwe moyo.

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kweli. Lakini ningekuwa mimi kwenye maua ningepiga makofi kuwazidi wote.

Nimemwandikia karatasi mpya, hapohapo, kwa penseli, bila kupandisha kitu. Tumepiga mara moja. Haikuhitajika mara ya pili.

Jumapili, 5 Aprili

Bwana amefufuka.

Alfajiri, kwenye ibada ya ufufuo, mkwe kapuliza makaburini, peke yake, kwenye umande. Wale waliolala pale wamesikia, na sisi tuliosimama pia. Suti imempendeza. Kifungo kimoja kilikuwa wazi na hakuna aliyemwambia.

Ubatizo baada ya somo la pili. Mtoto kalia maji yalipomgusa, kisha kanyamaza tarumbeta ilipoanza. Kaangalia juu anatafuta. Sikuona mengine, nilikuwa natazama karatasi na machozi yanaziba mistari. Vidole vimekwenda vyenyewe. Kila kitu kilikutana pale nilipokiandika kikutane. Kipande changu ni kizuri. Ndiyo, nimesema. Mwezi mzima nimekisikia kibaya kumbe hakijawahi kupigwa.

Kilipokwisha hakuna aliyepiga makofi.  Mama Shemdoe kaficha uso kwenye kitenge.

Amani kaja baadaye kuniuliza kama naweza kumfundisha kukanyaga. Kasema chake hakiwezi kufanya vile. Nimemwambia aje Jumamosi, na aje amekula, maana miguu inachoka kabla ya mikono. Funguo zinabaki kwangu.

Pilau, maandazi, soda. Mama Zuhura na watoto wake, jamaa wa Handeni, watu hata nisiowajua. Baba Neema kaongea ndani ya sharubu siku nzima na nimemsikia kila neno.

Jumatatu, 6 Aprili

Mkwe kaondoka na basi la asubuhi. Tarumbeta ndani ya mfuko wa sembe, karatasi ya kipande kaikunja mfukoni mwa ndani wa koti. Anataka kundi lao liijaribu. Nimemwambia aisome ilivyo.

Neema na mtoto wamebaki mpaka wiki iishe. Nimefua, nimepiga pasi, nimekaa. Uchovu mzuri. Shule ifunguliwe inapofunguliwa.

Masika yameanza, mvua inapiga bati kwa nguvu, mwenye nyumba hawezi kumsikia mgeni wake. Neema kalala. Katikati ya mvua mtoto ameanza kulia chumba cha pili, kidogo tu. Mama yake hajasikia bado. Mimi nimesikia. Naenda kumchukua.